Kabla Gari Halijasogea

Jumapili moja, kwenye kipande cha barabara kilichofungwa nje kidogo ya mji wa Machakos, nilimwona kijana wa Mark X akipoteza shindano ambalo gari lake lilikuwa limeshinda. Alikimbia mita 402, ile robo maili ya desturi, kwa sekunde 15.62. Mwenzake wa Golf alitumia 15.81. Ukiweka karatasi hizo mbili mezani, mtoto wa darasa la tatu atakwambia nani ana kasi. Lakini Golf ndiyo iliyofika kwanza, na ilifika mbele ya macho yetu sote, kwa urefu unaokaribia gari zima.

Kijana akashuka na karatasi yake mkononi, moja kwa moja hadi kwa fundi wake, aliyekuwa ameketi juu ya jeki.

"Fundi, hii mashine yao ni ya uongo."

"Mashine haijui uongo, kijana wangu. Soma ule mstari wa juu. Wewe ulilala."

Mstari wa juu ulisema 0.74. Wa Golf ulisema 0.47. Jumlisha sasa: Mark X, 0.74 na 15.62, ni 16.36. Golf, 0.47 na 15.81, ni 16.28. Tofauti ni sehemu nane za mia za sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 145 kwa saa, ambao ndio mwendo wa magari kama hayo yanapofika mwisho, hizo ni mita tatu na ushei. Kijana alikuwa ametumia pesa za mwaka mzima kwenye eksozi na chujio la hewa ili apunguze sehemu mbili za kumi, kisha akazirudisha zote, na chenji juu, kabla gari halijasogea.

Sura hii inahusu muda huo. Ndio muda wa bei rahisi kuliko wote katika mbio za namna hii, na ndio unaodharauliwa kuliko wote, kwa sababu haupigi kelele. Injini iliyoongezwa nguvu husikika hadi ng'ambo ya pili. Bushi mpya haisikiki.

Kwanza tuelewe saa inavyofanya kazi, maana hapa ndipo wengi hupotea. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, Septemba 2021, na kuweka rekodi ya Afrika, saa ilianza kuhesabu mlio wa bunduki uliposikika. Muda aliokaa kwenye vibao kabla ya kuchomoka umo ndani ya ile 9.77. Kwenye mbio za magari ya robo maili, sivyo. Saa ya gari lako huanza pale gari lako lenyewe linapotoka mstarini. Unaweza kungoja, ukanywa soda, ukaondoka, na karatasi bado ikakupa muda wako bora wa maisha. Muda wa kuitikia taa, ambao nitauita mwitikio, huandikwa peke yake, kwenye mstari wake. Mshindi ni wa jumla ya vyote viwili. Ndiyo maana gari la polepole linaweza kushinda gari la kasi bila hila yoyote.

Taa zenyewe huitwa mti wa Krismasi. Ziliingia mwaka 1963 huko Marekani, chini ya NHRA, chama kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951. Kabla ya hapo mtu mwenye bendera alisimama katikati ya magari mawili na kuruka juu, na madereva walijifunza kumsoma magoti badala ya bendera. (Kwetu mtu wa bendera bado yupo kwenye mashindano mengi madogo, na magoti yake bado yanasomwa.) Mti wa kawaida una taa tatu za manjano zinazoshuka moja baada ya nyingine, nusu sekunde kati ya moja na nyingine, kisha kijani nusu sekunde baada ya ile ya tatu. Magari ya wataalamu hutumia mti mkali: manjano zote tatu huwaka pamoja, na kijani hufuata baada ya sehemu nne za kumi. Ukitoka kabla ya kijani, nyekundu inawaka na shindano limekwisha. Ukitoka sawasawa na kijani, mwitikio wako ni 0.000.

Sasa, kutoka maana yake nini? Kwenye mstari wa kuondokea, karibu na lami, kuna miali miwili ya mwanga inayokatiza njia yako. Tairi la mbele hukata mwali wa kwanza, taa ndogo ya juu inawaka: umekaribia. Unasogea kama sentimita 18 hivi, tairi linakata mwali wa pili, taa ya pili inawaka: umejipanga. Mwitikio hupimwa tangu kijani kiwake hadi tairi la mbele liuachie ule mwali wa pili. Macho hayahusiki, wala mguu, wala mngurumo. Kinachopimwa ni tairi kuachia mwali.

Kwa hiyo ndani ya ile 0.74 ya kijana wetu kuna mambo matatu yaliyopangwa foleni. Kuna yeye mwenyewe: jicho kuona, akili kuamua, mguu kuachia breki. Kuna ulegevu wa gari: muda kati ya mguu kuamuru na magurudumu kuanza kusogea. Na kuna safari fupi ya tairi kutoka lilipokaa hadi linapouachia mwali. Watu wengi hulaumu la kwanza tu. Mimi napendelea kuanza na la mwisho, kwa kuwa linapimika kwa rula ya shule.

Chukua tairi lenye urefu wa sentimita 62 kutoka lami hadi juu, na mwali uliowekwa sentimita 4 juu ya lami. Kwa kimo hicho, tairi ni pana kama sentimita 30 na nusu. Ukijipanga kwa uangalifu, yaani ukasimama mara tu taa ya pili ilipowaka, mwali uko kwenye ukingo wa mbele wa tairi, na una sentimita 30 za kusafiri kabla saa haijakuhesabu kuwa umetoka. Gari likiongeza kasi kwa nusu ya mvuto wa dunia, na gari la kawaida halizidi hapo, sentimita hizo huchukua sekunde 0.35. Umeshatumia theluthi ya sekunde na bado hujafanya kosa lolote.

Sasa sogea mbele zaidi hadi ile taa ya kwanza izimike. Tairi limeshauachia mwali wa nyuma, kwa hiyo limebakiza sentimita zisizozidi 18 kuuachia wa pili. Muda unashuka hadi 0.27. Umeokoa sehemu nane za mia, ile ile tofauti iliyompokonya kijana ushindi, kwa kusogeza gari urefu wa kiganja. Haya si ya bure, lakini. Sentimita ulizoziacha nyuma zilikuwa za kujipatia kasi kabla saa ya njia haijaanza, na kwa hiyo muda wako wa robo maili utaongezeka. Kwenye shindano la kuondoana wawili wawili, mara nyingi biashara hiyo inalipa. Kama unatafuta karatasi ya kuweka kwenye simu na kuwaonyesha watu, hailipi. Amua unataka kombe au picha.

Tairi dogo la mbele husaidia pia, na upepo. Lenye urefu wa sentimita 56 lina sentimita 29 tu kwenye kimo cha mwali: faida ya karibu sehemu moja ya mia. Tairi lililolegea hutanuka chini na kuuziba mwali kwa muda mrefu zaidi, na kwa hiyo kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, wanaojua hujaza tairi za mbele kuliko kawaida. Kazi ya dakika mbili kwenye kituo cha petroli.

Halafu ulegevu. Hapa ndipo fundi wa Machakos ana la kusema kuliko kitabu chochote cha kigeni, ila huenda akalazimika kusahau kwanza alichofundishwa.

Ufundi wa magari nchini mwetu ulikulia chini ya kivuli cha Safari Rally. Tangu 1953, mashindano yale yalipoanza kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, gari zuri kwetu ni lile linalomeza shimo na kuendelea. Joginder Singh aliyashinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, na kizazi cha mafundi kikajifunza springi ndefu, shokabsoba zenye safari kubwa, gari lililoinuliwa. Gari la robo maili linataka kinyume. Ukikanyaga mafuta, nguvu ya kwanza ya injini haisogezi gari. Inazungusha injini yenyewe kwenye maunti zake, inakaza propela, inageuza difu kwenye bushi zake, inachuchumaza nyuma na kuinua pua. Vyote hivyo vikishakazana kama kamba ya ndoo kisimani, ndipo tairi linaposogea. Kila kilicholegea ni muda.

Wakati mwingine watu hufurahia kuona pua ikiinuka. Inapendeza kwenye video. Lakini mwili wa gari kupanda angani hakuufungui mwali hata kidogo, kwa kuwa tairi bado liko palepale. Gari linaloinuka sana kisha likaondoka limechelewa kwa muda wote lililokuwa likiinuka.

Namna ya kuupima ulegevu huu niliiona kwenye gereji moja ya jua kali, karibu na barabara ya kwenda Kitui, na sijaona bora yake. Fundi aliweka simu chini, imeegemea tofali, ikitazama gurudumu la mbele na ubavu wa gari. Akaiweka kwenye ile hali ya kuchukua polepole, picha 240 kwa sekunde. Dereva akashikilia breki kwa mguu wa kushoto, akapandisha injini kidogo, akaachia. Mara tatu. Kisha fundi akaketi kwenye kivuli na kupitisha video kwa kidole, picha moja moja, akihesabu kwa sauti kuanzia picha ambayo taa za breki zilizimika hadi picha ambayo alama ya chaki kwenye tairi ilianza kuzunguka. Kila picha ni kama sehemu nne za elfu za sekunde. Ukihesabu 30, ulegevu wako ni sekunde 0.125. Ukibadilisha kitu kimoja na ukahesabu tena ukapata 20, umeokoa sehemu nne za mia, na huhitaji kulipia uwanja wowote ili ujue.

Neno la muhimu hapo ni kimoja. Nimeona watu wakibadilisha shokabsoba, springi, upepo na dereva kwa siku moja, halafu jioni wanabishana ni kipi kilichosaidia.

Kipi kianze? Vya kufa kwanza. Gari nyingi zinazokimbia hapa zilifika kutoka Japani zikiwa na umri wa miaka saba, nyingine zimeongeza kumi juu ya barabara zetu. Bushi za mikono ya nyuma zimepasuka. Maunti za injini zimelegea hadi ukiweka gia gari linapiga kidogo kama mtu aliyeguswa begani ghafla. Kwenye Subaru, tazama kile kipande kifupi kinachoshikilia injini na gia boksi kwa juu, nyuma kabisa, kinachoitwa pichi stopu. Kina bushi mbili za mpira, na mara nyingi zimekauka zikawa kama ganda la mkate. Hiki ni kipuri kidogo, hakina fahari yoyote, hakuna atakayekipiga picha, na ndicho nitakachokibadilisha kabla ya kuigusa turbo.

Breki nazo. Dereva anadhani akiinua mguu breki imeachia. Kalipa ambazo pini zake zimeshika kutu huendelea kubana kwa muda, na gari huanza safari likiwa limefungwa. Inua gari kwa jeki, mtu akanyage na kuachia, wewe uzungushe gurudumu kwa mkono. Lisipozunguka mara moja, umeshapata sehemu zako mbili au tatu za mia, kwa gharama ya msasa na grisi.

Baada ya hapo ndipo suspensheni yenyewe, na hapa jibu linategemea magurudumu gani yanasukuma. Mark X husukuma kwa nyuma, na inahitaji uzito uende nyuma, ila uende haraka na usimame. Ukiacha nyuma ichuchumae kupita kiasi, muda unapotea. Ukiikaza ikawa kama ubao, tairi zinateleza. Kwenye video utaona pua ilipanda kiasi gani. Kuipunguza safari hiyo ya kupanda, kwa shoki ngumu zaidi au kwa kizuizi, huharakisha mwitikio hata pale ambapo hakubadilishi muda wa robo maili.

Golf, Civic na jamaa zao huvuta kwa mbele, na kwao kila kilo inayokwenda nyuma ni kilo iliyoibwa kwenye tairi zinazofanya kazi. Hapo nyuma hukazwa: springi ngumu, shoki ngumu, hata upepo zaidi. Ukiona Civic ya mbio imesimama nyuma ikiwa juu kidogo kama mbuzi anayeteremka mlima, si urembo. Na Subaru, inayosukuma kwa magurudumu yote manne, ina viungo vingi kuliko wote, na kwa hiyo ina pembe nyingi za ulegevu kujificha. Ikikazwa vizuri hakuna kinachoigusa mita 20 za kwanza. Isipokazwa, hulipuka gia boksi, na hilo ni somo la sura nyingine.

Kuna jambo moja la mahali ambalo siwezi kuliacha. Nje ya mji huu, upande wa Kituluni, kuna Kyamwilu, ile sehemu ya barabara ambayo wageni huletwa waone gari lililowekwa huru likipanda mlima lenyewe, na maji yakimwagwa yakifuata. Gari halipandi. Vilima vilivyozunguka vimelidanganya jicho, na kinachoonekana mwinuko ni mteremko. Wenyeji wanaijua siri hiyo na bado wanafurahi kuitazama. Sasa fikiria mwanzo wa mbio uliochorwa kwa macho katika nchi yenye vilima kama Iveti na Mua pande zote. Dereva anajipanga, taa ya pili inawaka, analegeza breki kidogo ili ajiandae, na gari linatambaa sentimita tano mbele bila yeye kujua. Mara ya pili, njia ya upande mwingine, linarudi nyuma. Mwitikio wake unaruka kutoka 0.55 hadi 0.63 na anadhani ni mishipa yake. Beba pimamaji ya seremala. Iweke juu ya lami kabla ya kumlaumu mtu.

Na hewa. Machakos iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano siku ya joto, na gari lisilo na turbo linaondoka likiwa limepungukiwa nguvu kwa kiasi kama hicho. Anayekuja kutoka pwani huanza kubadilisha plagi. Wenye turbo wana shida nyingine: turbo yenyewe inachelewa kuamka, na mwitikio wao hutegemea walishikilia injini kwa mzunguko gani kabla ya kuachia. Ongeza mizunguko mia tano, mwitikio unabadilika. Ongeza tena, tairi zinateleza. Hakuna namba ya kunakili. Kuna daftari.

Tumebaki na dereva.

Mtu mzima mwenye afya, akiona taa na kubonyeza kitu, hutumia karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. Sauti huipokea haraka zaidi kidogo. Hakuna mazoezi yatakayoifanya sehemu hiyo iwe nusu. Chama cha riadha duniani humhesabu mkimbiaji kuwa amechomoka mapema akiitikia chini ya sekunde 0.100, kwa dhana kwamba mwili hauwezi. Ukitaka kujua yako, mpe mtoto rula ya sentimita 30 aishike kwa juu, wewe uweke vidole viwili wazi kwenye sifuri, naye aiachie bila kukuonya. Ukiidaka kwenye 20, umetumia sekunde 0.20. Kwenye 15, 0.175. Kwenye 25, 0.226. Ikipita yote ikaanguka, nenda ukalale.

Jumlisha sasa kwa Mark X yetu. Dereva 0.20, ulegevu 0.13, safari ya tairi 0.35. Ni 0.68. Maana yake, kijana anayengoja kijani kwa adabu hawezi kupata chini ya 0.68 hata akiwa na macho ya mwewe. Siku ile alipata 0.74, hakulala kama fundi alivyodai, alikuwa mtiifu tu. Yule wa Golf hakuwa na macho makali kuliko yake. Alianza kuachia breki kabla ya kijani kuwaka.

Siri, kama ni siri, ni kuacha kuitazama kijani kabisa. Kijani ni habari ya jana. Kwenye mti wa kawaida unaondoka kwa manjano ya tatu: unapoiona ikianza kuwaka, unaachia. Kutoka hapo una nusu sekunde, na 0.68 ukitoa 0.50 unabaki na 0.18. Kaza bushi, safisha kalipa, ulegevu ushuke hadi 0.09: umebaki na 0.14. Jipange mbele zaidi, hadi taa ya kwanza izimike, ondoa 0.08: umefika 0.06. Hatujagusa injini. Hatujanunua chochote ambacho jirani ataona.

Kadiri unavyokaribia sifuri, ndivyo nyekundu inavyokukaribia, na hapo tabia ya dereva huanza kuwa ghali. Mtu anayetoka 0.02, kisha nyekundu, kisha 0.15, hana mwitikio mzuri; ana bahati nasibu. Anayetoka 0.07, 0.08, 0.07, 0.09 anaweza kusogeza gari sentimita mbili na kujua atapata nini. Ndiyo maana gari na dereva haviwezi kutengenezwa na watu wasiozungumza: fundi hawezi kurekebisha kitu kinachobadilika kila mara kwa sababu mwenye usukani anabadilika.

Zoezi la rula lina kikomo chake, kwani hufundisha kushtuka, na mti haushtui. Mti una mdundo. Bora ni programu ya simu inayoigiza taa, na zipo za bure, lakini kaa kama unavyokaa garini: kiti, viatu vilevile, mguu ukibonyeza kitu kinachorudisha nguvu kama breki. Mara ishirini, pumzika, mara ishirini. Andika zote, na usifute mbaya. Dakika kumi kila jioni hushinda saa tatu za Jumamosi, kwa sababu akili iliyochoka hujifunza uchovu. Nimejaribu mwenyewe sebuleni, mguu juu ya sponji ya kiti iliyofungwa kwa kamba. Wiki ya kwanza namba zangu zilitapakaa kama mbegu za mtama. Wiki ya tatu zilianza kukaa pamoja, ingawa hazikuwa nzuri sana. Mke wangu alizitazama akauliza kama kuna mshahara.

Siku yenyewe, fanya kila jambo kwa mpangilio uleule. Mkanda, kioo, gia, mwali wa kwanza, pumua, mwali wa pili. Wapinzani wengine hupenda kukuchelewesha: wanakataa kujipanga, wanakuacha umeshika breki huku injini ikichemka, wakijua mguu utachoka. Dawa ni kutokuwa wa kwanza kukamilisha. Washa taa ya kwanza, kaa, mtazame mtu wa mstari, siyo mpinzani. Zuia kwa kiganja taa za upande wa pili zikikuvuta jicho. Wako wanaoziba kioo cha pembeni kwa kadibodi. Na mazoezi haya yabaki mahali palipofungwa. Barabara ya Mombasa saa sita usiku ina malori ya Mlolongo yasiyo na taa, na lori halina mwali wa pili.

Yule kijana nilimwona tena siku hiyohiyo, baada ya saa saba, lami imeshapata joto. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya gurudumu la kulia na pampu ya mguu, akiangalia geji. Kijana alikuwa ameketi kwenye usukani, injini imezimwa, simu imebandikwa kwenye dashibodi ikimwashia taa za kuigiza, mguu wa kushoto ukibonyeza na kuachia, ukibonyeza na kuachia. Dadake mdogo alisimama dirishani na daftari la hesabu, akiandika.

"Ngapi hiyo?"

"Sifuri nukta moja tisa."

"Na ile ya kwanza?"

"Nyekundu."

"Iandike pia," fundi akasema kutoka chini, bila kuinua kichwa.